Tulitaka Kuuza Wanja Mtandaoni, Tukakuta Risasi

Ulikuwa usiku wa Alhamisi, baada ya swala ya Isha, nasi wajumbe sita wa kamati ya msikiti tumeketi barazani kumsikiliza kijana tuliyemkabidhi kazi ya kututengenezea tovuti. Kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kwa sehemu kubwa. Alitufungulia kompyuta yake, tukaona picha ya msikiti juu ya ukurasa, jina la duka kwa herufi za kijani, mahali pa kubonyeza ili kulipa kwa simu, na chini yake visanduku kumi na vinne vya bidhaa, kila kimoja na picha yake na bei yake. Tulifurahi kama watu waliokwisha kupata faida. Kisha kijana akasema, "Masheikh zangu, picha ninazo. Sasa nipeni maneno. Kwa kila bidhaa naomba mistari mitano: ni kitu gani, kimetoka wapi, kimetengenezwa na nani, kinatumiwaje, na nani asikitumie."

Tukatazamana. Mweka hazina akasema kwamba asali ni asali, inajulikana. Mwingine akasema kwamba hivi ni vitu vya Sunna na havihitaji maelezo mengi. Kijana akangoja, vidole vyake viko juu ya kompyuta. Hakupata hata mstari mmoja usiku ule.

Ndugu msomaji, tunayaandika haya kwa sababu tunajua kwamba si sisi peke yetu. Katika miaka ya karibuni vijana wetu wengi, akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, na hata misikiti na madrasa, wameingia katika biashara ya mtandaoni. Tovuti hujengwa kwa wiki mbili, na picha hupatikana bure. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza ile bidhaa yenyewe ni nini. Sisi tulikuwa tumekwisha kununua mzigo kwa fedha za msikiti kabla hatujauliza.

Fedha hizo zilitokana na haja ya kweli. Sadaka ya Ijumaa haikuwa ikitosha posho za walimu wa madrasa, na walimu wawili walikuwa wamekwisha kuaga. Waumini wakaridhia itolewe shilingi 1,500,000 ziwe mtaji wa duka dogo la mtandaoni, faida yake iende kwa walimu. Wajumbe wawili wakashuka Kariakoo, wakarudi na maboksi: asali, mafuta ya habasoda, udi, miski, tende, miswaki, na makopo 60 ya wanja yaliyoandikwa kwa Kiarabu kuwa ni ithmid. Walichagua kwa kutazama lebo na kupatana bei. Hakuna aliyewalaumu, kwa kuwa hata sisi tuliobaki tungefanya vivyo hivyo.

Baada ya kimya kile mjumbe mmoja alitoa shauri lililoonekana jepesi: tunakili maelezo ya wauzaji wengine. Kijana akatufungulia maduka matatu ya mtandaoni. Maelezo yao yalikuwa yale yale, neno kwa neno, hata kosa la tahajia lilikuwa lile lile. Yote matatu yalisema kwamba wanja ule huondoa mtoto wa jicho. Imamu wetu, ambaye mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka juzi, aliinua kichwa akauliza, "Nani kasema?" Hakupatikana wa kumjibu. Mmoja alikuwa amemnakili mwenziwe, na huyo mwenziwe alikuwa amemnakili mwingine.

Hapo ndipo tulipotambua tofauti ya duka la mtaani na duka la mtandaoni. Mama anayekuja dukani hufungua kifuniko, hunusa, huonja kwa ncha ya kidole, humtazama muuzaji usoni na kumwuliza kama ana hakika. Aliyeko Kigoma au Muscat hana isipokuwa maneno yetu. Katika fiqhi, kitu kinachouzwa kwa sifa bila kuonekana, kikitokea kinyume cha sifa zake, mnunuzi ana hiari ya kukirudisha. Sote tuliwahi kukaa mbele ya masheikh tukaisoma hukumu hiyo, na sote tunaijua habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu uliokuwa umefichwa chini ya nafaka kavu. Sisi hatukuwa tumeficha kitu. Hatukuwa tumetia mkono.

Tukakubaliana kuisimamisha tovuti kwa mwezi mmoja. Kila mjumbe akapewa bidhaa zake akazichunguze, kisha alete ile mistari mitano ya kijana.

Tende na miswaki hazikutupa taabu. Asali ilimwangukia mjumbe ambaye ukoo wake watoka Tabora, akaona amepewa kazi ya kitoto. Alirudi amenyamaza. Alikuwa amekwenda kumwuliza afisa nyuki, akagundua kwamba majaribio yote aliyorithi kwa babu yake, la kudondosha tone ndani ya maji na la kuwasha njiti ya kibiriti iliyochovywa asalini, hayathibitishi chochote. Asali iliyochanganywa na sukari iliyopikwa vizuri huyashinda yote mawili, na hiyo kuganda ambako wateja wengi hukuona kuwa dalili ya sukari ni tabia ya asali halisi. Kipimo cha kweli hufanywa maabara, na viwango vya kimataifa vya chakula husema kwamba maji katika asali yasizidi asilimia 20. Hapo palijitokeza jambo la pili. Baadhi ya chupa zetu zilikuwa za asali ya nyuki wadogo, wale wasiodunga, na asali yao kwa maumbile yake ni nyepesi na ina maji zaidi ya kiwango hicho. Mteja asiyeelezwa angefungua chupa, akaona asali inatiririka, akasema kwamba msikiti umemtilia maji. Mistari miwili ya maelezo ilitosha kuondoa fitina hiyo. Mstari wa tatu ulihusu watoto: asali, hata iwe safi namna gani, haifai kupewa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo hutoa sumu ndani ya utumbo mchanga na kulegeza misuli ya mtoto hata pumzi. Wengi wetu tulilambishwa asali siku ya kwanza ya uhai wetu. Kwa aliyekuwa akitafuta kitu cha kufanyia tahniki, tende iliyolainishwa ipo, na ndiyo iliyotajwa.

Mafuta ya habasoda yalitufundisha umuhimu wa jina. Ukitafuta habari za bidhaa kwa jina la sokoni pekee utapata maneno ya wauzaji; ukitafuta kwa jina lake la kitaalamu, huanza kupata maneno ya waliopima. Habasoda kwa wataalamu ni Nigella sativa. Lile jina la Kiingereza lililopigwa chapa kwenye maboksi yetu hutumiwa pia kwa mmea mwingine kabisa wa Uajemi na Asia ya Kati, ulio wa jamaa ya bizari na karoti. Basi tukatazama mgongoni mwa chupa, mahali ambapo maandishi ni madogo, tukatafuta jina lile la Kilatini. Chupa za aina moja zilikuwa nalo. Za aina ya pili zilikuwa zimeandikwa mbele kwamba ni habasoda asilimia mia, na nyuma, kwa herufi za kutafutiwa miwani, kwamba ni mchanganyiko wenye mafuta ya alizeti. Zilirudi Kariakoo siku ile ile, na muuzaji alizipokea bila ubishi, jambo ambalo lilitufanya tudhani kwamba hatukuwa wa kwanza kuzirudisha.

Kuhusu fadhila za habasoda hatuna mjadala, na hadithi yake inajulikana. Mjadala wetu ulikuwa juu ya chupa. Chupa ile iliingia nchini kama chakula. Dawa za asili kwa sheria zetu husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na anayeandika tovutini kwamba mafuta yake hutibu kisukari na shinikizo la damu amejiingiza katika jambo lisilo lake. Kuna hatari kubwa kuliko faini. Habasoda inaweza kushusha sukari na shinikizo la damu. Mgonjwa anayemeza vidonge vya hospitali akiongeza na mafuta yetu bila kumwuliza daktari wake, vinaweza kushuka kupita kiasi. Tena wapo wanaoacha vidonge kabisa kwa sababu ya sentensi moja iliyoandikwa na muuzaji. Tuliandika kwamba ni mafuta ya kula, tukataja ni nani amwulize daktari kwanza, tukaishia hapo.

Udi alipewa mweka hazina, naye akatuletea habari ambayo wengi hatukuwahi kuisikia ingawa udi hufukizwa majumbani mwetu kila Alhamisi. Mti wa udi, ambao kwa jina la kitaalamu ni Aquilaria, ukiwa mzima kuni zake ni nyeupe, nyepesi, hazina harufu. Harufu huja pale mti unapojeruhiwa na kuingiwa na kuvu. Mti hujitetea kwa kutoa utomvu mweusi, na miaka ikipita kuni ile iliyougua huwa nzito na yenye thamani. Kwa tamaa ya thamani hiyo misitu ya Asia ilikatwa bila huruma, hata mwaka 1994 aina moja ya mti huo, na mwaka 2004 aina zake zote, zikaamuliwa kuingia katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES, ule unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Maana yake ni kwamba udi unaovuka mpaka huhitaji kibali. Kama mteja wa Muscat au London angeagiza kupitia tovuti yetu, nasi tungemtumia kwa posta bila karatasi, mzigo wake ungeweza kukamatwa forodhani, na fedha zake tungekuwa tumekwisha kuwapa walimu.

Mweka hazina alichukua pia kipande kimoja akakiloweka katika maji ya moto. Maji yakawa meusi, kuni ikawa nyeupe. Ilikuwa imepakwa rangi na kuchovywa manukato. Hatusemi kwamba udi wa kutengenezwa ni haramu. Bibi zetu wa mwambao hupika udi kwa sukari na marashi, na kila mtu anajua anachonunua. Aibu ni kuuita mti mchanga uliopakwa rangi kwa jina la udi wa Kambodia. Tukaacha kuuza vipande, tukabaki na ule wa kupikwa unaotengenezwa na akina mama wawili wa mtaa wetu, ambao jiko lao tumeliona kwa macho.

Sasa tufike kwenye wanja.

Makopo 60, kila moja shilingi 3,000, jumla shilingi 180,000. Kopo lilikuwa zuri, la rangi ya fedha, na picha ya jicho na neno ithmid. Hapakuwa na jina la mtengenezaji, wala nchi, wala namba ya toleo, wala tarehe. Tulipomwuliza muuzaji wa jumla karatasi za mzigo, alisema kwamba wanja huletwa na wasafiri na haujawahi kuwa na karatasi. Hiyo ingetosha kutushtua, lakini tulikuwa na mapenzi nao. Wanja wa manga ni kitu cha kila nyumba: bibi harusi hupakwa, wazee hupaka usiku kabla ya kulala, na mtoto mchanga hupakwa machoni na kwenye nyusi hata kabla hajapewa jina.

Mjumbe aliyepewa wanja alianza kwa kutafuta kwa jina hilo la Kiswahili, akapata sifa tupu. Ndipo mfamasia mmoja, muumini wa msikiti wetu, alipomshauri atafute majina ya ndugu zake: Wahindi na Wapakistani huuita surma, Wanigeria huuita tiro, na Waarabu kuhl. (Neno hilo la kuhl ndilo lililosafiri hadi Ulaya likageuka kuwa alkoholi, jambo lililomchekesha sana imamu.) Jina moja hukupa mlango mmoja, majina manne yalitupa nyumba nzima, na ndani ya nyumba ile habari zilikuwa mbaya.

Ithmid kwa asili ni jiwe la antimoni. Liko jiwe jingine linalofanana nalo sana, la kijivu lenye kung'aa, liitwalo galena, na hilo ni madini ya risasi. Yakiwa mawe mazima mjuzi huyatenganisha: galena ni zito zaidi na hupasuka kwa vipande vya mraba, ilhali antimoni hukaa kama sindano zilizofungwa pamoja na huweza kuyeyuka kwa mwali wa mshumaa. Yakisagwa yakawa unga laini mweusi, jicho haliwezi. Galena ni rahisi na hupatikana kwingi, na kwa muda mrefu wasagaji wameitumia mahali pa ithmid, wengine bila kujua. Galena safi, kwa uzito wake, ni risasi kwa takriban asilimia 87.

Mwaka 2011 huko Boston, Marekani, mtoto wa miezi sita wa familia yenye asili ya Nigeria alikutwa na risasi katika damu. Wataalamu walitafuta chanzo, wakafika kwenye tiro aliyokuwa akipakwa machoni. Ilipopimwa, zaidi ya asilimia 80 yake ilikuwa risasi. Wazazi wake walikuwa wakimpaka ili apendeze na aone vizuri. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haijauruhusu wanja wa namna hii, na mizigo yake huzuiwa inapoingia. Umoja wa Ulaya umekataza risasi katika vipodozi, na umekataza hata hiyo antimoni, ndiyo maana hatukutafuta ithmid nyingine ya kuweka badala yake.

Shirika la Afya Duniani husema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na wanja wa machoni humfikia mdomoni kwa machozi na kwa vidole anavyojifikichia. Inapoingia huzuia damu kukua, hugusa ubongo unaojengwa, hupunguza uwezo wa kujifunza na kutulia. Kilichobaki huhifadhiwa katika mifupa, na msichana akija kubeba mimba baada ya miaka mingi, risasi ile hutoka mifupani ikamfikia mwanawe tumboni. Wala hapana maumivu ya kumwonya mzazi. Mtoto hucheka vile vile.

Mjumbe aliyekuwa akitusomea haya ana binti wa miezi minane. Alisoma mpaka mwisho, akafunga daftari, akaomba udhuru aondoke. Baadaye mkewe alitueleza kwamba alifika nyumbani, akamwamsha mtoto, akamfuta macho kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, huku mtoto akilia na yeye hasemi kitu.

Hata hivyo tulikuwa na haki ya kusema kwamba hayo ni ya Boston na makopo yetu ni mengine. Kwa hiyo tulipeleka kopo moja maabara, tukalipa kwa mifuko yetu wenyewe. Majibu yalitoka baada ya wiki mbili, karatasi moja. Sehemu kubwa ya unga ule ilikuwa risasi. Neno hilo hilo la Kiswahili twalitumia kwa kitokacho ndani ya bunduki, na mzee mmoja wa kamati aliposomewa karatasi aliuliza mara mbili kama amesikia sawa.

Hapo pakazuka suala ambalo hatukulitarajia: ni nani abebe hasara ya shilingi 180,000? Muuzaji wa jumla alikataa kurudishiwa. Mtu mmoja, hatutamtaja, alinong'ona kwamba makopo 59 yaliyobaki yanaweza kuuzwa kwa jumla kwa mfanyabiashara wa mkoani bila kelele. Imamu alimtazama tu, naye akaufuta usemi wake. Waliobaki tulijadiliana juu ya amana. Sheria iko wazi kwamba mwenye kushika mali ya watu kwa amana hadhamini hasara iliyotokea bila kosa lake. Hudhamini akivuka mpaka au akizembea. Mweka hazina alisema kwamba hatukuzembea, kwani tulinunua kama kila mtu anavyonunua, na hakuna Kariakoo anayeulizwa karatasi za wanja. Ilikuwa hoja yenye nguvu. Imamu akamwuliza, lau angekuwa anamnunulia mwanawe dawa, angeinunua katika kopo lisilo na jina? Mweka hazina akasema la. Basi akanyamaza kidogo, kisha akawa wa kwanza kuweka shilingi 30,000 juu ya mkeka. Sote sita tukaweka. Fedha zikarudi hazina, na daftari la mtaji likasomwa tena sawasawa.

Hatukuhukumu kwamba kila kamati iliyopata hasara ni lazima ilipe. Tulijihukumu sisi, kwa jambo letu, na wapo wajumbe ambao mpaka leo huona kwamba imamu alitukazia.

Makopo yenyewe hayakutupwa jalalani, kwa kuwa jalala letu huchakurwa na watoto na kuku, wala hayakuchomwa, kwa kuwa risasi haiteketei kwa moto wa takataka. Tumeyatia ndani ya ndoo yenye mfuniko, tukaifunga kwa utepe na kuandika juu yake SUMU, iko stoo nyuma ya majeneza, tukingoja maelekezo ya watu wa mazingira.

Kazi ngumu zaidi ilibaki. Kwenye mlango wa msikiti wetu kila Ijumaa huketi bibi mmoja auzaye wanja wa kusaga mwenyewe, katika vijaluba vidogo vya mbao. Katika orodha ya tovuti tulikuwa tumemwahidi kisanduku chake, na alikuwa amekwisha kuwaambia wajukuu. Tulikwenda kwake wawili, Jumamosi asubuhi. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, karibuni mketi." Akatuletea kahawa. Tulimweleza taratibu, tukamwomba atuonyeshe jiwe lake. Akatoa kitambaani kipande cha kijivu alichokinunua kwa mtu wa Tanga, akakiweka kiganjani mwetu. Kilikuwa kizito kupita ukubwa wake, na pale kilipovunjika palikuwa na pembe za mraba, zimekaa kama ngazi ndogo.

Bibi alisikiliza yote. Akasema, "Nimewapaka watoto wangu saba na wote wana macho." Tukamjibu kwamba macho hayakuwa yenye kudhurika zaidi, bali ubongo na damu, na kwamba madhara yake hayaonekani kwa kumtazama mtu. Akanyamaza muda. Kisha akamtazama mwenzetu, ambaye alizaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo, akasema, "Na wewe nilikupaka mimi, siku ya saba. Mama yako alikuja kuniita." Mwenzetu hakuwa na la kusema, akaangalia chini kwenye kikombe.

Hatukumnyang'anya jiwe wala hatukumfukuza mlangoni. Yeye mwenyewe alitufunga kipande kile katika kitambaa, akatupa twende nacho, akauliza: sasa Ijumaa atauza nini? Swali hilo lilikuwa halali, nasi hatukuwa tumekwenda na jibu. Baada ya kikao kingine akina mama wale wa udi walikubali kumpa vifurushi auze kwa sehemu ya faida. Anasema faida yake si kama ya wanja, na anasema kweli.

Tovuti ilifunguliwa mwezi uliofuata ikiwa na bidhaa tisa badala ya kumi na nne. Miongoni mwa zilizotoka ni mbili ambazo kasoro yake ilikuwa moja tu: tulikuwa tumeweka picha zao bila kuwa nazo mkononi, tukitarajia kuzinunua mteja atakapolipa, na imamu alitukumbusha makatazo ya kuuza usichonacho. Chini ya kila bidhaa ipo mistari mitano ya kijana, na katika mistari hiyo hakuna uliokopwa kwa jirani. Mauzo ni ya wastani. Mwezi wa pili yalitosha posho ya mwalimu mmoja, na wa pili tulimlipa kwa sadaka kama zamani.

Ujumbe tunaoupokea kuliko wote ni wa watu wanaouliza kama tuna wanja. Kijana alitaka kuweka jibu la kujiendesha lenyewe, tukakataa. Mmoja wetu huwajibu, mmoja mmoja, na kama aliyeuliza ni mama mwenye mtoto mchanga, humpigia simu.